Majibu kwa Wanaotuambia Tusiulize

Shangazi yangu alifika kwangu Kapsoya, mjini Eldoret, kutoka Moiben mwezi wa Januari na mfuko mmoja wa nguo, Biblia iliyofungwa kwa kitambaa cha kichwa, na kikopo cha vidonge vya presha. Kikopo kilikuwa kimejaa. Tarehe iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kibandiko ilikuwa ya Septemba. Nilivimwaga vidonge kwenye sinia nikavihesabu huku yeye akitazama dirishani, na hesabu ikatimia: hakuwa amemeza hata kimoja kwa miezi minne. Mfukoni mlikuwa pia na kichupa cha mafuta ya kupikia chenye picha ya mhubiri. Kisha akanipa simu yake, bila kuombwa, nisome jumbe za M-Pesa. Mia tano. Elfu moja. Mia tano. Halafu 22,000, siku mbili baada ya kuuza mtamba wake wa pekee. Zote zilikwenda namba moja.

"Mwanangu," akaniambia, "usiseme neno lolote juu ya huyo mtumishi. Utajiletea laana."

Sitamtaja mhubiri huyo wala kanisa lake. Kilichonikosesha usingizi ni yale majibu. Kila nilipouliza jambo, shangazi alikuwa na sentensi tayari, na baadaye nikagundua kwamba sentensi hizohizo nimezisikia kwenye matatu za Langas, kwenye matanga, hata kwenye kamati ya kanisa letu ninakotumika kama mzee wa kanisa. Zimezoeleka hadi watu wanadhani zote ni maandiko. Nimeamua kuzijibu, na nitatumia Biblia ileile aliyokuja nayo.

Ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni kwamba mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Inatoka Zaburi ya 105, na wengi huishika kwa kusikia bila kufungua ukurasa. Ukiufungua utakuta habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakihama kutoka nchi hadi nchi na mahema yao. Walioambiwa wasiwaguse ni wafalme. Neno hilo lilikuwa ngao ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Leo limegeuzwa: mwenye lori la spika na walinzi wanne analitumia dhidi ya mjane aliyeuza mtamba.

Wengine humtaja Daudi, aliyekataa kumwua Sauli pangoni kule Engedi kwa sababu Sauli alikuwa amepakwa mafuta. Ni kweli, alikataa kumwua. Lakini soma 1 Samweli sura ya 24 hadi mwisho. Daudi alitoka pangoni, akainua kile kipande cha vazi alichokikata, akamwita mfalme kwa sauti, na mbele ya askari wa pande zote mbili akamweleza ubaya wake na kumwomba Mungu aamue kati yao. Kama huko ndiko kutomgusa mpakwa mafuta, basi sisi tunaouliza kwa adabu mahali fedha zilipokwenda tumekuwa wapole kupita kiasi. Nabii Nathani alimkabili Daudi huyohuyo katika jumba lake. Paulo alimkemea Petro kule Antiokia mbele ya watu wote, na Petro alikuwa mtume. Watu wa Beroya walipomsikia Paulo walirudi kwenye maandiko kila siku kuhakikisha kama aliyoyasema ni kweli, na Luka, aliyeandika habari hiyo, anawaita waungwana kwa ajili hiyo. Hakuna aliyewaambia wamemgusa mtume.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likihubiriwa kwenye krusedi yoyote ya 64 Stadium. Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anawaandikia waumini wa kawaida kwamba wao wamepokea upako kutoka kwa Mtakatifu. Anawaandikia wote, akina mama wanaofagia kanisa wakiwamo. Kwa hiyo shangazi yangu naye ni mpakwa mafuta wa Bwana. Nilimwuliza siku moja tukiwa tunachambua sukuma: ni nani aliyemgusa yeye? Aliacha kuchambua akanyamaza kwa muda mrefu.

Sentensi ya pili ni usihukumu usije ukahukumiwa. Hii sitakaa nayo sana, maana jibu lake liko sura ileile. Mathayo 7 inaanza na onyo dhidi ya kuhukumu, na kabla sura haijaisha Yesu mwenyewe anatuamuru tujihadhari na manabii wa uongo waliovaa ngozi ya kondoo, na anatupa kipimo, yaani matunda. Aliyetukataza kuwa wakali kwa kibanzi cha jirani hakutukataza kutambua mbwa mwitu. Mwaka 2024, wakati wa kupanda, wakulima wa Uasin Gishu na kaunti nyingine waligundua kwamba magunia ya mbolea ya ruzuku waliyonunua hayakuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake. Watu walichukua sampuli, wakapiga kelele, jambo likafika Bungeni. Sikusikia mchungaji hata mmoja akimwambia mkulima asilihukumu gunia. Basi kwa nini mahindi yalindwe kwa bidii kuliko roho za watu?

Hapo huja ile sentensi ambayo imewanyamazisha wengi: lakini watu wanapona, mimi nimeona kwa macho yangu.

Musa alilitangulia jambo hili kwa karne nyingi. Kumbukumbu la Torati 13 inaeleza habari za nabii anayetoa ishara, na ishara hiyo ikatokea kweli, halafu akawavuta watu kwenda kwa miungu mingine. Musa hapotezi wakati kubishana kama ishara ilikuwa ya kweli. Anasema msimsikilize. Yesu naye anasema siku ya mwisho watakuja watu wakidai kwamba walitoa pepo na kufanya miujiza kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Hakanushi miujiza yao. Miujiza haikuwa kipimo.

Lakini tuseme pia ukweli kuhusu miujiza yenyewe. Mnamo Novemba 2014 kipindi cha Jicho Pevu cha KTN kilionyesha jinsi kanisa la Victor Kanyari jijini Nairobi lilivyoosha miguu ya watu kwa maji yaliyogeuka rangi ya damu, na jinsi watu walivyotakiwa kutuma shilingi 310. Rangi hiyo ilitokana na pamanganeti ya potasiamu, chembechembe za zambarau ambazo duka la dawa lolote linazijua. Watu walikuwa wakilia kwa furaha huku wakilitazama karai. Machozi yao yalikuwa ya kweli.

Mfano wa Loliondo ni mgumu zaidi, na kwa hiyo una mafunzo zaidi. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri Tanzania, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mizizi kijijini Samunge, akisema Mungu alimwonyesha ndotoni. Kikombe kilikuwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, Wakenya wakiwamo, na baadhi ya wagonjwa walifia njiani. Wapo waliotoka hospitalini kwenda huko, na wapo walioacha dawa za virusi vya UKIMWI baada ya kunywa. Mzee huyo hakujitajirisha kwa mia tano zile kama wengine wanavyofanya, na sina sababu ya kumwita tapeli. Mtu anaweza kuwa mkweli wa moyo na bado akakosea, na mgonjwa aliyeacha dawa atadhoofika vilevile, awe ameongozwa na mwongo au na mtu mwema aliyeota.

Na ushuhuda una tabia moja ambayo nimeichunguza kwa miaka. Hutolewa Jumapili ya kwanza. Mtu mwenye presha akiacha vidonge hahisi kitu, kwa sababu presha yenyewe haiumi. Mwenye virusi akiacha dawa anaweza kutembea vizuri kwa muda, huku virusi vikiongezeka kimyakimya. Huo ndio wakati anapopewa maikrofoni. Anaruka, anashangiliwa, kamera zinarekodi, na kipande hicho kinarudiwa redioni mwaka mzima. Anapozidiwa baadaye hakuna kamera wodini. Shangazi alitoa ushuhuda wake Oktoba mbele ya umati. Nilipompeleka kliniki Januari, muuguzi alipima presha mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia wa kushoto, kisha akamwita daktari bila kutuambia namba.

Naamini Mungu anaponya. Nimewaombea wagonjwa nikiwa na wazee wenzangu, kama waraka wa Yakobo unavyoagiza, na nimeona mambo nisiyoweza kuyaeleza. Lakini sijaona popote kwenye maandiko Yesu akimwambia aliyepona afiche majibu ya vipimo. Wenye ukoma aliwatuma kwa makuhani, ambao kazi yao kisheria ilikuwa kukagua ngozi na kuthibitisha.

Sasa nifike kwenye fedha. Shangazi aliuza mtamba kwa sababu ya mjane wa Sarepta. Mhubiri alimsomea 1 Wafalme 17: mama maskini, konzi ya unga, nabii anaomba aandaliwe mkate kwanza, na unga hauishi. Akaambiwa mtamba wake ndio unga wake wa mwisho. Nimeisoma sura hiyo tena na tena tangu Januari. Eliya alikuwa na njaa kama mjane. Alikuja kwa miguu hadi lango la mji, akala mkate uleule jikoni mwa yule mama, akakaa katika nyumba yake, na mtoto wa mama alipofariki Eliya ndiye aliyembeba mikononi hadi chumba cha juu na kumlilia Mungu. Hakuwa na namba ya paybill. Hakuwa Nairobi akizungumza redioni. Anayetaka kutumia mjane wa Sarepta kuomba sadaka, kwanza aje alale njaa Moiben na shangazi yangu.

Mjane wa pili hutumiwa vibaya zaidi, yule wa senti mbili hekaluni. Kila mwezi wa sadaka ya ujenzi tunamsikia, na nakiri kwamba hata kanisani kwetu tumemtumia hivyo. Hebu angalia kilichotangulia katika Marko 12. Yesu ametoka kuwaonya wanafunzi juu ya walimu wa sheria wanaopenda mavazi marefu na viti vya mbele, wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa kujionyesha. Mstari unaofuata, anaketi kuelekea sanduku la hazina na kumwona mjane akitia vyote alivyokuwa navyo. Mimi siamini kwamba Marko aliziweka habari hizo mbili pamoja kwa bahati. Yesu anamheshimu yule mama kwa moyo wake wote, na papo hapo tunaona kwa macho jinsi nyumba ya mjane inavyoliwa. Kisha anatoka hekaluni na kusema halitabaki jiwe juu ya jiwe.

Watasema: lakini Paulo alikusanya michango. Naam, alikusanya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na katika 2 Wakorintho 8 anaeleza utaratibu wake kwa makini. Makanisa yenyewe yalichagua ndugu wa kusafiri na fedha hizo pamoja naye, ili asitokee mtu wa kuwalaumu kuhusu kiasi kikubwa walichokuwa wakikisimamia. Mtume Paulo hakubeba mfuko peke yake. Kanisa lenye akaunti ya benki, watia saini watatu na mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya washiriki linamfuata Paulo. Namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja, ambaye hakuna anayeweza kumwuliza, inamfuata Gehazi, aliyemkimbilia Naamani njiani kuchukua fedha na mavazi ambayo Elisha alikuwa ameyakataa. Wakristo wa mwanzo kabisa walikuwa wakali kuliko mimi. Didake, mwongozo wa kanisa ulioandikwa katika karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, unasema mtume msafiri anayekaa siku ya tatu, au anayeomba pesa, ni nabii wa uongo. Walikuwa wameshaumwa tayari.

Na unabii usipotimia? Hapo sentensi ni kwamba hamkuomba vya kutosha, imani yenu ilipungua. Kumbukumbu la Torati 18 haina nafasi ya kujitetea hivyo: lisipotokea alilosema kwa jina la Bwana, Bwana hakulisema, na nabii huyo hapaswi kuogopwa. Kule Kanungu, Uganda, viongozi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu walisema dunia ingeisha na mwaka 1999. Januari ilipofika dunia ikiwa palepale, wafuasi wakapewa tarehe nyingine. Tarehe 17 Machi 2000 mamia walikufa ndani ya kanisa lililopigiliwa misumari na kuchomwa moto, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kwenye nyumba za viongozi.

Sisi wa Uasin Gishu hatuhitaji kwenda Kanungu. Katika kijiji cha Chemororoch aliishi Jehova Wanyonyi, kiongozi wa kundi la Waisraeli Waliopotea, ambaye hakujiita nabii tu bali Mungu, na kudai anaweza kuponya UKIMWI. Magazeti yalimtembelea kama kivutio. Tulikuwa tukicheka. Habari za kifo chake zilipotoka mwaka 2015, wafuasi wake walikataa kusema kwamba amekufa, wakidai yuko mahali pengine na atarudi. Leo kicheko kile kinaniuma. Walikuwa jirani zetu, watoto wao wakicheza na wetu barabarani, na sikumbuki mtu yeyote kanisani kwetu aliyewahi kupanda gari kwenda kuzungumza nao.

Ndiyo maana sentensi inayoniudhi kuliko zote haitoki kwa wafuasi wa manabii. Inatoka kwetu: wanaodanganywa ni wajinga. Mmoja wa viongozi wa Kanungu, Dominic Kataribaabo, alikuwa padri aliyesomea Marekani hadi shahada ya uzamili. Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi miaka 31. Nusu ya maafisa wa kata yao wamepita mikononi mwake. Anajua kusoma, anajua hesabu, na hesabu ya ule mtamba aliijua hadi senti.

Alichokosa ni watu. Mume wake alifariki mwezi wa Mei. Baada ya mazishi sisi jamaa tulirudi mjini, tukampigia simu Krismasi. Wale watu wa mhubiri walimpigia kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, wakamwombea kwa jina, wakamwuliza alivyolala. Kwa miezi saba walikuwa ndio sauti ya kwanza aliyoisikia kila siku. Petro, katika waraka wake wa pili, anasema walimu wa uongo huwafanyia watu biashara kwa maneno ya kutunga, na mimi naongeza kwamba biashara hiyo hushamiri pale ndugu wanapokuwa wameondoka. Nimemwomba shangazi msamaha kwa hilo.

Kule Shakahola, Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa njaa, nako hakukuwa na wajinga. Mhubiri huyo, Paul Mackenzie, aliwahi kuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake kule Malindi, na mahubiri yake dhidi ya shule na hospitali yalienea kwa televisheni na video hadi kwa watu waliokuwa mbali kabisa na Kilifi. Makaburi yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, na idadi ya miili ikapita 400, familia zilizokuwa zikitafuta jamaa zao zilitoka pembe nyingi za nchi, na watu wa magharibi mwa Kenya walikuwamo. Yeye alikana mashtaka, na kosa lake ni la mahakama kuamua. Lakini fundisho lenyewe kanisa linaweza kulipima bila kumsubiri hakimu, kwa kuwa Paulo alishamwonya Timotheo juu ya walimu wanaokataza watu vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokewe kwa shukrani.

Ipo pia faraja ya uongo ya madhehebu makubwa: hayo ni mambo ya makanisa ya mabati na kumbi za kukodi, sisi tuna maaskofu na katiba. Mtu wa Eldoret hapaswi kulisema hili. Mwaka 2007, kabla ya uchaguzi, Mungu alitangazwa kuwa wa upande mmoja kwenye mimbari za heshima, na kwa upande wa pili vilevile, na wagombea wakawekewa mikono kana kwamba ni Daudi mbele ya Samweli. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, kilomita chache kutoka hapa niandikapo, lilichomwa na watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia humo wakiamini hakuna atakayethubutu. Sisemi mahubiri ndiyo yaliyowasha kiberiti. Nasema wengi walioshiriki ghasia zilizofuata uchaguzi huo walikuwa wamebatizwa, wamekaa kwenye viti vyetu, na hatukuwa tumewafundisha kwamba jirani wa kabila jingine ni mwili mmoja nao. Februari mwaka huo Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande na kwa hiyo wakashindwa kukemea. Kukiri kule kulikuwa kwa kweli. Tamko hilo linapaswa kusomwa kila mwaka wa uchaguzi. Paulo alipoagana na wazee wa Efeso aliwaambia mbwa mwitu wataingia kutoka nje, kisha akaongeza kwamba wengine watainuka kutoka miongoni mwao wenyewe. Sehemu hiyo ya pili sisi wazee huwa tunaisoma haraka.

Yaacheni magugu yakue na ngano hadi mavuno, husema wengine, au hutaja ushauri wa Gamalieli kwamba jambo lisilotoka kwa Mungu litaanguka lenyewe. Yesu alipoueleza mfano wa magugu alisema shamba ni ulimwengu, hakusema ni kanisa, na alichokataza ni kung'oa. Hakumkataza mtu kuonya kwamba hili si ngano. Na Gamalieli hakuwa mtume. Kundi la Kanungu lilianguka lenyewe, kweli.

Inabaki sentensi ya wale waliochoka kabisa, ambao wangependa Serikali ifunge kila kanisa ambalo mchungaji wake hana cheti cha theolojia. Naelewa uchungu wao. Baada ya habari za Kanyari, Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alisitisha usajili wa makanisa mapya Novemba 2014, na Januari 2016 zikaletwa kanuni za kudai elimu ya theolojia kutoka vyuo vinavyotambuliwa. Makanisa yalizipinga, zikaondolewa. Baada ya Shakahola jopokazi la Kasisi Mutava Musyimi likaundwa, likakabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2024. Yamo mambo mema: uwazi wa fedha ni jambo ambalo kanisa safi halipaswi kuliogopa, na kufa njaa kwa mtoto ni jinai, haijalishi ni nani aliyehubiri. Lakini cheti hakikumzuia Kataribaabo. Na Mackenzie alikuwa amekamatwa mara kadhaa kabla ya ile Aprili, tangu 2017, na tena Machi 2023 kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana. Sheria ilikuwepo. Waliopaswa kuisimamia ndio waliolegea.

Na sisi wa upande huu tunakumbuka jinsi onyo dhidi ya manabii wa uongo linavyoweza kuwa fimbo ya mwenye nguvu. Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa, aliyeanzia Kimilili, aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari na wakoloni, na dini yake ikapigwa marufuku 1948. Mimi si mfuasi wa Msambwa na siamini mafundisho yake. Hata hivyo, kilichowasumbua wakubwa wa wakati ule kilikuwa upinzani wake dhidi ya kazi za kulazimishwa na kunyang'anywa ardhi. Imani yake haikuwa shida yao. Ukimpa afisa wa wilaya mamlaka ya kuamua fundisho lipi ni la kweli, ataanza na lile linalomkera yeye. Kazi ya kupima mafundisho Mungu aliwapa waumini waliokaa kwenye viti. Katika 1 Wakorintho 14 Paulo anasema manabii wawili au watatu waseme, na wengine wapambanue. Hao wengine ni sisi.

Shangazi bado yuko kwangu. Vidonge anameza usiku baada ya taarifa ya habari, na presha imeshuka. Mwanzoni alikataa kwenda kanisa lolote. Mwezi wa Aprili akaanza kuja letu, akikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mkoba juu ya magoti.

Jumapili iliyopita mweka hazina alisoma hesabu ya robo mwaka kama kawaida, haraka haraka, watu wakiwa tayari wanafunga Biblia. Shangazi akanyanyua mkono. Mchungaji akamwona, akamwomba asimame.

"Mchungaji, samahani," akasema. "Chai ya wageni imeandikwa mara mbili, tarehe 9 na tarehe 16. Tarehe 16 hatukuwa na wageni. Mimi nilikuwepo."

Kanisa likanyamaza. Mweka hazina akatazama daftari, akarudisha ukurasa mmoja nyuma, akakuna kichwa. Mchungaji akashuka madhabahuni, akasimama begani mwake, na wote wawili wakaanza kuzipitia risiti moja moja huku shangazi akiwa bado amesimama, akingoja.